Mama Hadubini na Shanga za Baharini

Kabla watu hawajaanza kumwita Mama Hadubini, alikuwa anaitwa "dada wa usafi", na siku alipoajiriwa kwenye maabara ya bahari hakuajiriwa kuangalia bahari. Aliajiriwa kufuta vumbi. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, watoto wawili shuleni, mume fundi cherehani, na cheti kimoja tu cha shule ya msingi ambacho mchwa walikuwa wamekila upande wa jina. Akakabidhiwa ndoo, fagio, vitambaa vitatu na onyo.

"Futa kila kitu, ila ile hadubini usiiguse. Ile ni ghali kuliko mimi na wewe tukiunganishwa."

Aliyesema hivyo alikuwa mtafiti mkuu wa maabara, mtu mrefu, mpole, aliyekuwa na tabia ya kusahau chai yake mpaka inaota utando. Wote walimwita Mkuu.

Kwa miezi minne yule dada alilitii onyo. Alifuta meza akiizunguka hadubini kama mtu anayefagia kumzunguka mbwa aliyelala. Lakini kila siku alimwona Mkuu ameinama pale, jicho limeganda, anatabasamu peke yake, na siku ya siku uzalendo ukamshinda.

"Samahani, Mkuu. Humo ndani kuna nini cha kuchekesha?"

Mkuu akainua kichwa. Badala ya kukasirika, akasogeza kiti. "Njoo uone. Mikono nyuma."

Akainama, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe. Kisha Mkuu akazungusha kitu pembeni, na tone la maji ya bahari, ambalo kwa macho lilikuwa maji tu, likajaa wakazi. Kuna waliokaa kama sindano, kuna waliokaa kama visanduku vya kioo, na mmoja mwenye pembe tatu alikuwa anajizungusha papo hapo kama mtu aliyesahau alikuwa anaenda wapi.

"Mama yangu!" akasema, na kicheko kikamtoka ambacho kilisikika mpaka kwenye chumba cha mafaili.

Mkuu akamweleza. Hao ni vijimwani, jamaa wa mwani tunaouona ufukweni, ila wadogo kiasi kwamba mamia wangeenea juu ya kichwa cha pini. Bahari nzima inaishi kwa kuwategemea. Wengi hawana neno na mtu. Wachache wana sumu. Chaza na kome wanachuja maji kutwa kucha wakila vijimwani, na ile sumu inabaki ndani ya nyama yao. Chaza mwenyewe hashtuki. Anayeshtuka ni anayemla chaza.

"Lakini akipikwa si inakwisha?"

"Chemsha, choma, kaanga, sumu iko pale pale. Haina harufu, haina ladha."

Neno hilo lilimkaa. Kuanzia siku hiyo, kila saa ya chai, alikuwa anaomba kuchungulia, na Mkuu alikuwa anaruhusu. Majina ya kitaalamu yalikuwa marefu na magumu kutamka, kwa hiyo akawapa majina yake: Sindano, Kofia, Bwana Pembe, Dada Lulu. Kulikuwa na mmoja aliyeishi kwa kushikamana na wenzake, duara kwa duara, kumi au kumi na wawili kwenye mstari mmoja, wakiogelea pamoja kama uzi mmoja. Huyo alimwita Shanga. Mkuu aliposikia jina hilo akaacha kucheka. "Huyo umkariri vizuri," alisema. "Huyo ndiye mwenye sumu mbaya kuliko wote hapa kwetu."

Mwaka wa tatu likatokea la kuwafumbua watu macho. Msaidizi wa maabara, kijana msomi mwenye kalamu nne mfukoni, alikuwa amehesabu sampuli moja akaandika sitini na moja. Dada wa usafi, ambaye alikuwa ameichungulia sampuli ile ile wakati wa chai, akasema huku anakamua tambala, "Sitini na nne. Kuna watatu wamejibana kwenye kona ya chini."

Msaidizi akacheka kwa dharau. Mkuu hakucheka. Alikaa, akahesabu upya taratibu, akainuka. "Sitini na nne," akasema. Kisha akamgeukia dada. "Umejifunza wapi kuhesabu hivi?"

"Kwa mume wangu. Siku zote namhesabia vifungo. Kimoja kikipotea anageuza nyumba juu chini."

Safari ya kutoka kwenye ndoo hadi kwenye kile kiti haikuwa fupi. Ofisi ya utumishi ilitaka vyeti, na cheti chake, kama tulivyosema, kilikuwa kimeliwa. Mkuu aliandika barua hadi wakamchoka. Hatimaye akakubaliwa kozi ya miezi sita, akaisoma akiwa na wanafunzi waliokuwa na umri wa kuwa watoto wake, wakimwita "Mama" darasani na kumnakili kwenye mtihani wa vitendo. Alifaulu akiwa na miaka thelathini na tisa. Mumewe alimshonea koti jeupe lenye mifuko mitano, kwa sababu lile la ofisini lilikuwa linambana mabegani, na alipoingia nalo maabara asubuhi ya kwanza, mlinzi wa getini akapiga saluti na kusema, "Karibu, Mama Hadubini." Basi, jina likaganda.

Tunayotaka kusimulia hasa yalimpata alipokuwa na miaka hamsini na tatu.

Kila Jumanne asubuhi alikuwa anapanda boti ya maabara na nahodha wao, wanazunguka vituo sita vya ghuba, vitatu kati yake vikiwa pembeni mwa vichanja vya kufugia chaza. Anateremsha wavu wenye matundu madogo kuliko ya chujio la chai, anajaza chupa, anaandika joto la maji. Chupa nyingine anazitia matone ya iodini ili viumbe wabaki kama walivyo, nyingine anaziacha hai. Akirudi, anaweka mto wa kukalia, anavaa miwani, na hapo mtu asimsemeshe. Mkono wa kulia unabonyeza kile kihesabio kidogo cha chuma, ka, ka, ka, na ukimsalimia anakujibu kwa kuinua nyusi.

Jumanne hiyo ilikuwa baada ya mvua kubwa, kisha jua kali la siku tisa mfululizo, na bahari ilikuwa imetulia tuli. Kwa macho ilikuwa safi ya kuvutia. Akaweka tone la maji hai chini ya hadubini, akachungulia, na akasahau kubonyeza. Shanga walikuwa wanapita. Mstari wa wanane. Mstari wa kumi na wawili. Mwingine. Katika miaka yote ya kazi alikuwa amezoea kuona mmoja mmoja, mwaka mara mbili. Sasa walikuwa wanapita kama watu wanaotoka uwanjani mechi imekwisha.

Kesho yake, viumbe wa zile chupa za iodini walipokwisha kutua chini, alihesabu mara mbili. Kisha akamwita msaidizi, ambaye sasa alikuwa na mvi na heshima zake, akamwambia ahesabu bila kumwonyesha jibu lake. Namba zikalingana. Zilikuwa mara saba ya kiwango ambacho kikifikiwa, kwa utaratibu wao, uvunaji lazima usimame.

Mkuu alikuwa safarini kwenye mkutano. Alipopigiwa simu alisema maneno matatu tu: "Funga. Natia saini." Nyama ya chaza ikatumwa haraka kwenye maabara kubwa ya jiji ili ipimwe sumu yenyewe, majibu yatoke baada ya siku mbili.

Ilibaki simu moja, na hiyo ndiyo ilikuwa ngumu. Kwa sababu mtu aliyetakiwa kupigiwa simu, mwenyekiti wa wafugaji wa chaza wa ghuba nzima, alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mume wake. Na Jumamosi, yaani siku tatu mbele, huyo Mwenyekiti alikuwa anazindua vichanja vipya kumi, wageni mia mbili wamealikwa, na kwenye kila kadi ilikuwa imeandikwa kwa herufi za kujipinda: *Chaza wa kuchoma, kula ushibe.*

Akapiga moyo konde, akapiga simu.

"Shemeji!" Mwenyekiti alipokea kwa furaha. "Umeshonewa nguo ya Jumamosi?"

"Shemeji, naomba ukae chini kwanza."

Alimweleza yote. Mwenyekiti akaanza kucheka. "Wewe shemeji una utani. Mimi niko hapa kwenye kichanja, maji naona mpaka chini. Hata kucha zangu za miguu naziona. Hiyo sumu iko wapi?"

"Haionekani kwa macho, shemeji."

"Bahari ikigeuka nyekundu, hapo nitakusikia. Si ndiyo dalili yake?"

"Wakati mwingine inageuka, wakati mwingine haigeuki. Hawa hawana haja ya kukupaka rangi ndipo wakuue."

"Nimefuga chaza miaka ishirini na mbili. Na wewe utaniambia nini, shemeji, kwa kuchungulia kwenye bomba?"

Ilimuuma. Amri ya kufunga ilitoka jioni hiyo hiyo, na alijua kwamba karatasi ya serikali ukutani haimzuii mtu mkaidi kula mali yake. Alhamisi asubuhi akaazima gari la maabara, akapakia hadubini ndogo ya zamani, na akaenda mwenyewe kwenye banda la wafugaji.

Banda lenyewe lilikuwa la mabati, sakafu ya saruji iliyolowa, meza ndefu ya kuchambulia, na harufu ya chumvi iliyoingia mpaka kwenye mbao. Wafugaji wapatao ishirini walikuwa wamesimama na sura za kuwekewa msiba. Mwenyekiti alikuwa katikati, tumbo mbele, mikono kiunoni. Mama Hadubini aliwasalimia, akafuta meza, akachomeka waya kwenye duka la juisi la jirani, akachota maji kwenye ndoo pale pale mbele yao ili mtu asiseme amekuja nayo.

"Sikuja kubishana," akasema. "Nimekuja kuwaonyesha. Nani wa kwanza?"

Alijitokeza bibi mmoja mfupi ambaye kila mtu alimwita Bibi Kamba, kwa sababu fundo alilofunga yeye halikuwahi kufunguka baharini. Akapandishwa kwenye kreti, akaziba jicho moja kwa mkono, akachungulia. Kisha akapiga kelele.

"Wanatembea! Wamepanga foleni kama wako benki!"

Banda likalipuka kwa vicheko, na foleni ya pili ikajipanga, hii ya binadamu, kuchungulia ile ya kwanza. Kila mmoja alitoka na lake. Mmoja akasema ni kama treni. Mwingine akauliza kama wanaweza kumwona. Vicheko vilipotulia, Bibi Kamba akauliza swali ambalo wote walikuwa nalo moyoni: "Na hawa wakishapita, chaza wetu watapona?"

"Watapona. Maji yakisafika, chaza watajisafisha wenyewe. Wiki nne, tano, sita. Hakuna atakayekufa kwenye vichanja. Tunachoomba ni subira tu."

Hapo watu wakashusha pumzi. Kumbe walidhani mali yote imekwisha. Wote wakakubali, isipokuwa mmoja.

"Shemeji, njoo na wewe," Mama Hadubini akamwita.

"Mimi sichungulii kwenye matundu," Mwenyekiti akajibu, akawapa kisogo, akatoka nje.

Hakuna aliyemfuata. Nyuma ya banda kulikuwa na jiko la mkaa ambalo wafugaji walikuwa wanachomea vitafunio vyao. Mwenyekiti akachagua chaza kutoka kichanja cha mbali kabisa, ambako aliamini maji ni mazuri zaidi, akawaweka juu ya moto mpaka wakafunguka, akawakamulia ndimu, akala. Kisha akarudi ndani amenyooka kama askari aliyeshinda vita, akasubiri.

Baada ya kama nusu saa akapanda juu ya kreti kutoa hotuba.

"Wenzangu," akaanza, "mimi mwenyekiti wenu nataka kusema kwamba..." Akasita. Akalamba midomo. "Nataka kushema..."

Watu wakatazamana. Akapitisha vidole mdomoni, kisha akavitazama vile vidole kana kwamba ni vya mtu mwingine. Mama Hadubini, aliyekuwa anakunja waya, aliuacha ukaanguka.

"Shemeji. Midomo ikoje?"

"Iko shawa."

"Shemeji!"

"Kama imelala," akakiri kwa sauti ndogo. "Na vidole vinachomachoma. Kama siafu."

"Umekula wangapi?"

"Wawili."

"Nimeona maganda sita nyuma ya banda," akasema Bibi Kamba bila huruma.

Mwenyekiti akainamisha kichwa. Na hapo Mama Hadubini, mwanamke ambaye watu walimjua kwa kunyamaza na kubonyeza, akatoa amri kama nahodha. Wewe, leta gari hapa mlangoni. Nyinyi wawili, mwekeni huyu kati yenu, asiachwe peke yake, mwangalieni kifua. Yeye mwenyewe tayari alikuwa kwenye simu na hospitali, anasema polepole ili asikike: mtu amekula chaza wenye sumu ya vijimwani, hakuna dawa ya kuiondoa, kinachotakiwa ni kumwangalia pumzi, wawe na mashine ya kupumulia karibu, sisi tunafika baada ya dakika kumi na tano. Sauti haikutetemeka.

Daktari aliyewapokea alikuwa binti mdogo aliyekuwa hajawahi kuona ugonjwa huo ila kwenye vitabu. Hakujifanya anajua. Alisoma karatasi ya maelezo ya sumu aliyoletewa na Mama Hadubini, akauliza maswali, akamlaza Mwenyekiti na kifaa kidoleni cha kupima hewa. Mchana kutwa ganzi ilimpanda kutoka midomoni hadi shingoni, na mikono ikawa mizito. Mume wa Mama Hadubini alikuja na futi yake ya kushonea bado ikining'inia shingoni, akakaa kando ya kitanda, akamshika kaka yake mkono. Kwa saa kadhaa hakuna aliyefanya utani. Mama Hadubini alisimama dirishani, anahesabu pumzi za shemeji yake kwa midomo, moja, mbili, tatu, na alipokosea akaanza upya.

Kifua hakikushindwa. Asubuhi ganzi ilianza kushuka, na neno la kwanza ambalo Mwenyekiti alilitamka likanyooka lilikuwa, "Njaa."

Mume wa Mama Hadubini akavunjika mbavu. "Tukuletee chaza, kaka?"

"Ondoka hapa!" Mwenyekiti akasema, lakini naye alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka. Kisha akamtafuta shemeji yake kwa macho. "Shemeji. Nilikuambia unachungulia kwenye bomba."

"Ulisema."

"Nilisema vibaya. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu ulipokuwa hujui kutamka," akamjibu, akamvutia shuka begani.

Ijumaa alasiri majibu ya jiji yakafika: sumu mara tano ya kiwango kinachoruhusiwa. Kama wale wageni mia mbili wangekula wakashiba, sijui tungekuwa tunasimulia nini leo.

Jumamosi uzinduzi ulifanyika, chaza hawakuwepo. Samaki na kamba, ambao sumu ile haiwaingii nyamani kwa namna ile, walikaangwa kwa wingi, na kwenye kila kadi mtu alikuwa amepiga mstari kwa kalamu juu ya lile neno la chaza. Mwenyekiti, aliyeruhusiwa asubuhi hiyo, aliketi kwenye kiti cha plastiki na kutoa hotuba fupi kuliko zote za maisha yake. Alieleza alichokula, alikokula, na jinsi ulimi ulivyomsaliti mbele ya wanachama wake. Aliigiza ile "shawa" yake mwenyewe, watu wakaangua vicheko, na pale pale akawa amewafundisha dalili bila wao kujua kwamba wanafundishwa. Halafu akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye ile hadubini ndogo ambayo shemeji yake alikuwa ameiweka juu ya meza, akachungulia kwa muda mrefu.

"Kadogo hivi?" akasema mwishowe. "Ndiko kalikonilaza chali?"

Ghuba ilikaa imefungwa wiki tano na siku mbili. Mama Hadubini alikuwa anashuka majini mara tatu kwa wiki badala ya mara moja. Mwenyekiti alijitolea kumsaidia kuhesabu, akafukuzwa siku ya pili kwa sababu alikuwa hawezi kuhesabu bila kusimulia. Bibi Kamba alijaribu, akafaa: alikaa kimya kama mtu anayevizia panya. Taratibu ile mistari ikapungua, ikakatika, ikabaki duara moja moja, kisha hata hizo hazikuonekana. Nyama ya chaza ikapimwa mara mbili, mara zote safi.

Siku ya kufungua, wafugaji walikusanyika bandani, na sahani ya kwanza ikapelekwa moja kwa moja mbele ya Mama Hadubini. Ndimu ilikuwa imeshakamuliwa. Watu wote walikuwa wanamtazama. Mkuu, aliyekuja kwa ajili ya siku hiyo, naye anamtazama.

Aliiangalia sahani. Akamwangalia mumewe.

"Jamani," akasema kwa aibu, "niwaambie ukweli. Mimi chaza sijawahi kula maishani mwangu. Wanateleza."

Kelele zilizoinuka hapo zilimfanya mwenye duka la juisi atoke nje kuangalia kuna nini. Mwenyekiti alijishika tumbo, akalia kwa kucheka, akamwambia mdogo wake asogeze sahani upande wake. Fundi cherehani akakataa. Alikuwa ameshachukua wa kwanza, na mashavu yamejaa.